Hadithi ya Chang'e mbele ya mtoto anayemngoja mama: uchambuzi wa kisa kimoja cha Meizhou

Sikukuu ya Katikati ya Vuli, ambayo Wachina huiadhimisha tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya jadi, huwatia watu wazima katika mtihani kila wanapoketi na watoto chini ya mbalamwezi. Sikukuu yenyewe ni ya kukutana: jamaa waliotawanyika hurudi nyumbani na kuketi meza moja, na duara la mwezi mpevu huchukuliwa kuwa alama ya ukoo uliotimia. Lakini hadithi kuu inayosimuliwa usiku huo ni ya kuachana. Chang'e, mke wa mpiga upinde Hou Yi, anakunywa dawa ya uzima wa milele, anapaa hadi mwezini, na harudi tena. Familia nyingi hazilisikii gongano hili, kwa sababu mtoto amekaa kati ya baba na mama yake na sahani ya keki iko mbele yake. Kisa ninachokichambua hapa ni cha familia ambayo haikuwa na nafasi ya kutolisikia.

Familia hiyo inaishi kijijini katika eneo la Meizhou, nchi ya Wahakka (jamii ya Wachina wenye lahaja na mila zao) iliyoko kaskazini mashariki mwa jimbo la Guangdong, panapolimwa mabalungi kwa wingi. Nilikaribishwa huko Septemba 2019 na kijana niliyekuwa nikisoma naye Guangzhou. Mwaka huo sikukuu iliangukia Ijumaa tarehe 13, na kwa kuwa tangu 2008 siku hiyo ni ya mapumziko kitaifa, wengi walipata siku tatu mfululizo za kwenda kwao. Nyumbani alikuwapo bibi, ambaye ndiye mwenye nyumba kwa maana zote. Kaka mkubwa wa mwenzangu, aliyekuwa amewasili siku hiyo kutoka Dongguan anakofanya kazi. Watoto wawili wa kaka huyo, msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 5. Na binamu yao wa kiume wa miaka 11. Mama wa wale watoto wawili hakuwapo. Yeye hufanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme huko Shenzhen, Septemba ni msimu wa oda nyingi, na ruhusa haikupatikana. Usiku wa sikukuu alikuwa zamu.

Hali hiyo haikuwashangaza majirani. Katika vijiji vya China watoto wengi hulelewa na bibi na babu wakati wazazi wao wako katika miji ya viwanda, na sababu mojawapo kubwa ni mfumo wa kuandikisha wakazi, hukou, uliowekwa kisheria mwaka 1958, ambao humfunga mtoto na mahali alipoandikishwa na kufanya shule ya mjini iwe ngumu au ghali kwa mtoto wa mhamiaji. Nataja jambo hili kwa sababu bila hilo mtu anaweza kumwona mama huyo kama aliyependa kukaa mbali, ilhali alikuwa mbali ili watoto wake wale na wasome.

Niseme pia neno moja juu ya tarehe, kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili aliyezoea mwezi mwandamo. Kalenda ya Wachina hufuata mwezi kama ile tunayoifuata kwa Ramadhani na Idi, na tarehe 15 ndipo mwezi unapokuwa umepevuka au karibu kupevuka. Tofauti ni kwamba wao huongeza mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka ili kalenda isiache majira, na ndiyo maana sikukuu hii haizunguki mwaka mzima bali hubaki kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, mavuno yanapoingia.

Meza iliandaliwa uani, ikielekea mashariki. Kulikuwa na keki za mwezi za aina ya Guangdong, zilizojazwa mbegu za yungiyungi zilizosagwa kwa sukari na kuwekwa katikati kiini cha yai la bata lililokolezwa chumvi; kulikuwa na mabalungi, majimbi ya kuchemsha, vikombe vya chai na vijiti vya udi. Yote yalipangwa na bibi kwa mkono wake. Katika sehemu nyingi za China kuuandalia mwezi meza ni kazi ya wanawake, na upo msemo wa zamani unaosema kwamba wanaume hawauabudu mwezi kama vile wanawake hawamtolei sadaka mungu wa meko. Kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa na haki ya kusimulia, na hakuna aliyempinga alipoanza. Watoto wadogo walikuwa wamevaa maganda ya balungi kichwani kama kofia, na taa za karatasi zilikuwa zimetundikwa mlangoni.

Alisimulia kwamba zamani yalikuwapo majua kumi, yaliyozoea kupanda angani kwa zamu, moja kila siku. Siku moja yakatoka yote kwa pamoja, mimea ikaungua na mito ikakauka, hata Hou Yi alipochukua upinde wake akayaangusha tisa na kuliacha moja. Kwa ushujaa huo Malkia Mama wa Magharibi, anayekaa mlima Kunlun, akampa dawa ya uzima wa milele. Hou Yi hakutaka kuishi milele peke yake, akampa mkewe aitunze. Ndipo Feng Meng, mwanafunzi wake mwenye kijicho, alipongoja mwalimu wake aende kuwinda, akaingia nyumbani na upanga kuidai dawa. Chang'e, alipoona hawezi kumzuia, akainywa yote. Mwili wake ukawa mwepesi, akatoka dirishani, akapaa, akatua mwezini kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu zaidi na mumewe.

Hapo mwenzangu, yaani baba mdogo wa watoto, akaingilia kati. Alisema kwa heshima, lakini alisema, kwamba katika kitabu cha kale hakuna mwizi mwingine: Chang'e mwenyewe aliiba dawa ya mumewe na kukimbia. Bibi akamjibu kwamba yeye alisimuliwa hivyo alivyosimulia. Ukatokea ubishi mfupi wa watu wanaopendana. Katikati ya ubishi huo msichana, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Kama alimpenda, kwa nini hakurudi?" Baba yake akainamia kikombe chake cha chai. Kila mtu mzima pale alijua kwamba swali lile halikuhusu mwezi peke yake.

Nianze na ubishi, kwa sababu watu wazima wengi hudhani kwamba tatizo la kuwasimulia watoto hadithi hii ni kuchagua toleo lililo sahihi. Kwa maandishi, baba mdogo alikuwa na hoja. Huainanzi, kitabu kilichokusanywa chini ya mwanamfalme Liu An na kupelekwa kwa mfalme Wu mwaka 139 KK, kinasema kwa ufupi kabisa kwamba Yi, yaani Hou Yi, aliomba dawa ya kutokufa kwa Malkia Mama wa Magharibi, na mkewe akaiiba na kukimbilia mwezini. Zhang Heng, mwanafalaki wa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba mwanamke huyo alipofika huko akawa chura. Chura huyo tunamwona pia pamoja na sungura juu ya hilali iliyochorwa katika kitambaa cha hariri kilichofukuliwa mwaka 1972 katika kaburi la Mawangdui, karibu na Changsha, kaburi la karne ya 2 KK. Katika ushahidi wa kale kabisa, basi, Chang'e hana uzuri wala ushujaa ambao watoto wa leo wanaujua.

Feng Meng naye ana historia yake. Hamo katika simulizi hiyo ya kale ya dawa; yumo katika kitabu cha mwanafalsafa wa kale Mengzi, ambapo anajifunza upinde kwa Yi na kisha kumuua ili abaki yeye bingwa. Wasimulizi wa baadaye walimchukua mhalifu aliyekuwa tayari anajulikana, wakambebesha hatia iliyokuwa ya mke. Liko hata toleo la tatu, ambamo Hou Yi anageuka mfalme dhalimu na Chang'e anainywa dawa ili watu wasitawaliwe na dhalimu asiyekufa. Kila kizazi kilichohitaji mwanamke wa kuheshimiwa mwezini kilipata njia ya kumsafisha, na mimi silioni jambo hilo kuwa upotoshaji. Hadithi inayosimuliwa kwa zaidi ya miaka 2,000 huishi kwa namna hiyo, na bibi wa Meizhou ana haki sawa na Liu An.

Swali lenye uzito ni nini kila toleo linamfanyia mtoto yule aliyeketi pale. Toleo la wizi linampa mama aliyeondoka kwa tamaa yake. Mtoto wa miaka 8 ambaye mama yake yuko Shenzhen atalipima kwa kipimo anachokijua, na kipimo hicho ni kikali. Mtu atasema basi toleo la bibi ndilo bora, kwa kuwa ndani yake kuondoka ni kitendo cha upendo. Mimi naliona kuwa zito zaidi kwa mtoto huyu. Mama shujaa aliyejitoa mhanga hawezi kukasirikiwa. Mtoto akihisi uchungu wa kuachwa, atajiona mkosaji kwa kuuhisi, na kuna watoto wengi wa wahamiaji ambao tayari wamekwisha kuambiwa, kwa nia njema, kwamba mama anateseka kwa ajili yao na hivyo wasilie. Hadithi ya Feng Meng, ikiachwa ikomee pale dirishani, inalirudia somo hilo hilo kwa sauti ya mbinguni.

Tena matoleo yote mawili yanajibu kwa nini Chang'e aliondoka. Msichana hakuuliza hivyo. Aliuliza kwa nini hakurudi, na kwa swali hilo hadithi haina jibu katika toleo lolote.

Bibi hakulitafuta. Alilolifanya ndilo linalonifanya niandike kisa hiki. Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na sehemu ambayo ubishi ulikuwa umeikata. Hou Yi aliporudi kutoka kuwinda alimkuta mkewe hayupo. Alitoka nje akiita jina lake, akaona mwezi umeng'aa kuliko siku zote na ndani yake kivuli kama cha mtu. Aliukimbilia, lakini kila alipokwenda hatua tatu mbele mwezi nao ulirudi hatua tatu nyuma, na alipoacha kuufuata ukarudi mahali pake. Basi akaagiza meza iwekwe katika bustani ambayo Chang'e aliipenda, ikapangwa matunda na vitu vitamu ambavyo Chang'e alivipenda, na majirani waliposikia nao wakaweka meza zao. "Meza ni hii," bibi alisema, akaigonga kwa kidole. Kisha akachukua kisu akaikata keki ya kwanza vipande saba. Tulikuwa watu saba pale pamoja nami, na kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni nilipewa kipande kutoka keki ya pili. Kipande cha saba cha ile keki ya kwanza kilifunikwa na bakuli na kupelekwa ndani.

Desturi hiyo ya kuikata keki kwa hesabu ya watu wa ukoo na kumwekea asiyekuwapo sehemu yake ni ya zamani na bado inafuatwa na familia nyingi. Bibi hakuizua usiku ule. Ila aliijua hadithi na aliijua meza, na aliona kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja. Aliiondoa hadithi kwa yule aliyekwenda akaileta kwa waliobaki, ambao ndio waliokuwa wakisikiliza. Msichana hakuambiwa kwamba mama anampenda, wala hakuambiwa asihuzunike. Alionyeshwa kazi ambayo aliyebaki anaweza kuifanya, na baada ya muda mfupi alikwenda mwenyewe kuliangalia lile bakuli.

Nilipokisoma baadaye kile kifungu cha Huainanzi ambacho baba mdogo alikitegemea, niliona kwamba hata chenyewe hakiishii kwenye wizi. Kinaendelea kusema kwamba Yi alibaki na huzuni ya mtu aliyefiwa, asiwe na njia ya kuipata dawa nyingine. Maandishi ya zamani kabisa, yenye maneno machache kiasi kile, yalitenga nafasi kwa ajili ya aliyeachwa. Bibi, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hakusoma zaidi ya shule ya msingi, alifika mahali ambapo kitabu kinafika, na mjuzi wa kitabu alikuwa ameishia njiani.

Binamu wa miaka 11 alileta ugumu wa aina nyingine. Mwezi wa Januari mwaka huohuo chombo cha Chang'e 4 kilikuwa kimetua upande wa mwezi usioelekea dunia, tarehe 3, kikiwa cha kwanza kutua upande huo, na gari lake dogo liliitwa Yutu 2, yaani jina la sungura wa jade anayekaa mwezini katika hadithi hiyo hiyo. Shuleni walikuwa wamefundishwa. Akatangaza kwamba gari limekwenda huko na hakuna mtu. Watu wazima wengi hapa hutikisika, wakamnyamazisha mtoto au wakakiri haraka kwamba hadithi ni uongo. Baba, ambaye tangu swali la binti yake hakuwa amesema neno, alimwomba mvulana aeleze chombo hicho kinazungumzaje na dunia ikiwa upande ule hauioni kabisa. Mvulana akaeleza kwa fahari juu ya setilaiti ya kupokezana mawasiliano, Queqiao, iliyorushwa mwaka uliotangulia, ambayo jina lake ni daraja la kunguru katika hadithi nyingine ya Kichina ya mume na mke waliotenganishwa, wanaokutana mara moja kwa mwaka. Wahandisi wa China hawakuona taabu kuchukua majina yao kutoka kwa bibi zao, na mvulana, kwa kueleza, alijikuta anaisimulia hadithi badala ya kuibomoa.

Mdogo wa miaka 5 hakujali lolote kati ya haya. Alitaka sungura. Bibi alimwonyesha kivuli cha mwezi, masikio hapa, kinu pale, akamwambia kwamba sungura anatwanga dawa kwa mchi usiku kucha. Hapa natoa tahadhari kwa yeyote atakayemsimulia mtoto wa Mswahili hadithi hii: sungura wetu ni mjanja, mtoto atangoja amlaghai mtu, na huyu hamlaghai yeyote. Ni mtumishi mwenye subira, na katika simulizi ya Kibudha ambayo mtawa Xuanzang aliiandika katika karne ya 7 baada ya safari yake India, alikuwa mnyama aliyejitupa motoni ili mzee mwenye njaa apate kitoweo, na kwa hisani hiyo sura yake ikawekwa mwezini. Baba mdogo alitaka kuisimulia na hiyo. Safari hii bibi alimzuia kwa jicho, na nakubaliana naye, kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha kusinzia na usiku ule ulikuwa na kujitoa mhanga kwa kutosha. Wu Gang, mtu wa hadithi nyingine anayeukata milele mti wa gui ulioko mwezini, ambao jeraha lake huziba kila shoka linapotoka, alitajwa kwa sentensi moja tu.

Ninajua hoja inayoweza kuletwa dhidi ya bibi. Mtu atasema kwamba alilikwepa swali, na kwamba mtoto alistahili kuelezwa waziwazi kiwanda, mshahara, na sheria za shule. Naikubali nusu yake. Mambo hayo yanapaswa kuelezwa, na katika nyumba ile yalikuwa yanaelezwa siku za kawaida. Msichana alijua mama yake anapata nini kwa mwezi. Lakini hakuuliza kwa lugha hiyo. Aliuliza ndani ya hadithi, na mtoto anayeuliza ndani ya hadithi anakuwa amechagua umbali anaoweza kuuvumilia. Mtu mzima anayemtoa humo kwa nguvu, aseme "unamaanisha mama yako, sivyo?", anamvua nguo mbele ya jamaa. Bibi alimjibu pale pale aliposimama.

Wachina wamekuwa na mfano wa kusema hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1076, usiku wa sikukuu hii hii, mshairi Su Shi akiwa Mizhou, katika Shandong ya leo, alimwandikia mdogo wake ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Katika shairi hilo, ambalo watoto wa shule wa leo hulikariri, analalamika kwanza kwamba mwezi huchagua kuwa duara watu wanapokuwa wametengana, kisha anakiri kwamba kuachana na kukutana kwa wanadamu ni kama kupungua na kupevuka kwa mwezi, na mwisho anaomba tu wote wawili waishi wautazame huo mmoja. Lawama imo, na haifutwi na yanayofuata. Hilo ndilo ninaloliona kuwa limekosekana katika vitabu vingi vya picha vinavyouzwa kwa watoto kila msimu wa keki, ambamo Chang'e anatabasamu akiwa na sungura wake na Hou Yi hayumo kabisa ukurasa wa mwisho.

Mama alirudi Meizhou katika mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, mwanzoni mwa Oktoba. Kipande cha keki kilikuwa kwenye friji. Mwenzangu, aliyekuwapo, alinisimulia kwamba msichana alimpa mama yake hadithi kwa matoleo yote mawili, la bibi na la baba mdogo, akamtaka aseme yeye anajua lipi. Mama alisema kwao alisimuliwa la wizi, na kwamba hakuna aliyewahi kumweleza Hou Yi alifanya nini baadaye. Msichana akamsimulia.